TAHADHARI: Muuza vipuri vya kompyuta za michezo wa ghorofani, Mlandege

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, naandika haya nikiwa na hasira ambayo siku 11 hazijaipunguza, na nikiwa na haya pia, kwa sababu wengi wenu mlinisikia barazani nikijisifu kwamba safari hii nimenunua kwa mtu anayeijua kazi yake. Nimedhulumiwa. Kadi ya grafiki (inayochora picha za skrini) niliyouziwa kwa shilingi 320,000 ni ya bandia, pawa saplai (inayoigawia kompyuta umeme) ya shilingi 85,000 ni bati lililobandikwa karatasi ya uongo, na madabodi (ubao mkuu unaobeba vipuri vyote) ya shilingi 270,000 imeungua. Jina la muuzaji silitaji kwa kuwa shauri nimeshalifikisha polisi, lakini nitaeleza namna anavyofanya, na atakayekutana naye atamtambua.

Pesa zilikuwa zile za karafuu, na mnajua msimu ulivyokuwa. Baada ya yaliyomkuta mwenzetu wa Wete aliyeagiza simu akaletewa kipande cha sabuni, niliapa kwamba sitatuma hata shilingi moja kwa mtu ambaye sijamwona uso. Kwa hiyo nilipanda boti Mkoani, nikashuka Malindi, nikaenda mwenyewe mpaka dukani kwake nikiwa na karatasi ambayo niliiandika na kuifuta kwa muda wa mwezi mzima. Humo mlikuwa na kompyuta yangu ya kwanza ya kuunda kwa mkono wangu: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Ryzen 5 5600, madabodi ya AM4 (aina ya soketi ya prosesa hiyo), ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 16, SSD ya kuhifadhia, kesi, pawa saplai, na kadi yoyote ya grafiki ambayo ingeweza kuchezesha mpira na mbio za magari bila kukwamakwama.

Hapo ndipo aliponinasa, na nataka mnielewe vizuri, maana tangu nirudi nimeambiwa mara nyingi kwamba nilifanya uzembe. Yule kijana aliichukua karatasi yangu, akaisoma kimya mstari kwa mstari, kisha akazungushia duara pale nilipoandika ramu. Nilikuwa nimeandika DDR5, kizazi kipya cha ramu, nikidhani kwamba iliyo mpya zaidi ndiyo bora. Akaniambia, "Sheikh wangu, hizi hazikai humu. AM4 inataka DDR4. DDR5 mpaka uhamie AM5." Akavuta droo, akatoa ramu mbili, moja ya kila aina, akazilaza sambamba juu ya kitambaa cheusi, akanionesha kwa ncha ya bisibisi jinsi ule mkato mdogo wa chini ulivyo pahala tofauti katika kila moja, hata ukilazimisha utavunja nafasi yake na ramu isiingie. Nikazishika mwenyewe, nikazigeuza, nikazilinganisha kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa anasema kweli.

Akaendelea. Madabodi ya A320 niliyoichagua ilikuwa imetoka mwaka 2017 pamoja na Ryzen za mwanzo, na prosesa ya 5600 imetoka mwaka 2022, kwa hiyo kama bayosi, ile programu ya kuwashia iliyomo ndani ya madabodi, haijasasishwa ningeweza kufunga kila kitu sawasawa na isiwake hata kidogo. Yeye alikuwa na B450 iliyotumika, ameshaisasisha, akaiwasha mbele yangu ili nisome namba ya bayosi kwenye skrini. Jambo la tatu, akasema, prosesa ya 5600 si kama 5600G. Haiwezi kutoa picha yenyewe, na bila kadi ya grafiki nitakaa mbele ya kiza. Hayo yote ni kweli. Mawili niliyahakiki palepale kwa simu yangu wakati yeye amekwenda kutia udhu, kisha tukasali pamoja adhuhuri katika msikiti ulio karibu, na njiani akaniambia kwamba mama yake ni mtu wa Konde. Mtu ambaye amekuokoa na kosa la ramu lililokuwa likupotezee pesa, akakuzuia kununua madabodi isiyowaka, utawezaje kumdhania kwamba dakika chache baadaye atakuibia? Elimu ya kweli ndiyo aliyoifanya chambo.

Tuliporudi kutoka msikitini alinikalisha mbele ya kompyuta iliyokuwa mezani, ubavu wake umefunguliwa, feni zinazunguka, akanipa mkono wa kuchezea. Nilicheza mpira kwa muda wa dakika kumi hivi. Nyasi zilionekana jani kwa jani, hakuna kilichokwama. Akafungua dirisha la mfumo akanionesha jina: GTX 1050 Ti, gigabaiti 4. "Hii ndiyo utakayoondoka nayo," akasema, kisha akanyanyuka, akaniteremshia boksi jengine kutoka rafuni, jipya, limefungwa kwa nailoni, lina picha ya askari wa chuma. Nikauliza kama ni ileile. Akasema ni ileile, ila hii ni bora kwangu, kwa sababu ina tundu la buluu la VGA, la waya wa skrini za kizamani, na skrini yangu ya zamani itaingia moja kwa moja bila kununua kigeuzi. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe asubuhi ile kwamba skrini yangu ni ya zamani. Nikamshukuru kwa kunifikiria. Nikahesabu shilingi 1,475,000 juu ya kile kitambaa cheusi, noti kwa noti, na yeye akazihesabu mara ya pili.

Alipokuwa akinifungia mzigo alinipa flashi, akanisisitiza kwamba draiva ya kadi, yaani programu ya kuiendesha, niitie kutoka humo na nisiisasishe kwa intaneti, kwa sababu za intaneti "zinagombana" na madabodi yangu. Nikaitikia kama mwanafunzi.

Kompyuta niliiunda nyumbani Chake usiku wa Ijumaa, na iliwaka mara ya kwanza. Nilimwamsha mke wangu aje kuiona. Lakini mpira uleule niliocheza Mlandege, kwangu ulikuwa ukikatika kila wachezaji wanapokusanyika, hata nilipopunguza picha mpaka mwisho. Nikavunja wasia wake, nikapakua draiva ya NVIDIA yenyewe, kampuni inayotengeneza chipu za kadi hizi, nayo ikanikatalia kwa kusema kwamba haikuona kadi inayolingana nayo. Nikampigia. Akacheka kwa upole, akanikumbusha flashi. Usiku wa tatu, nikiwa katikati ya mchezo, kulitoka mlio mkavu kutoka kwenye pawa saplai, kama mtu amevunja ukuni, skrini ikazima, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Madabodi haijawaka tena tangu saa ile.

Nilipompigia mara ya pili sauti yake ilikuwa nyengine kabisa. Alisema umeme wa Pemba ndio ulioua, na kwamba vitu vilivyotoka dukani vikiwa vizima havirudi. Friji na televisheni vilikuwa vinawaka kwenye soketi za ukuta uleule usiku ule, wala taa haikupepesa. Baada ya hapo simu yangu haikupokewa tena.

Maalim wetu wa kompyuta, ambaye Mwenyezi Mungu amlipe kheri, aliichukua ile kadi akaitia kwenye kompyuta ya skuli na kuifungulia programu ya GPU-Z, ambayo husoma utambulisho wa kadi na ni ya bure. Kabla ya jina la kadi programu iliandika neno FAKE ndani ya mabano, yaani bandia, na mstari wa chini ukataja chipu ya GF116. Hiyo ndiyo chipu iliyotumika kwenye kadi ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011, yenye viini 192 vya kuchorea, wakati 1050 Ti ya kweli, iliyotoka mwaka 2016, inavyo 768. Watu wameibadilisha bayosi ya kadi kuukuu ili ijitambulishe kwa jina la mwenziwe, wakaitia feni mpya na boksi jipya. Na lile tundu la buluu nililomshukuru kwalo ndilo ushahidi: kizazi kile cha 1050 Ti hakitoi picha ya VGA chenyewe, kwa hiyo kadi ya jina hilo yenye tundu hilo ni ya kutiliwa shaka mara moja. Sasa nakumbuka kwamba skrini ya pale mezani kwake ilikuwa imeungwa kwa waya wa HDMI, wa kisasa, si wa VGA. Niliuona waya ule kwa macho yangu.

Pawa saplai Maalim aliipima kwa mkono tu, akatikisa kichwa kwa wepesi wake. Ubavuni imeandikwa 600W kwa tarakimu kubwa, lakini kwenye jedwali dogo la chini, mstari wa volti 12 unasema ampea 17. Zidisha: ni wati 204, na huo ndio mstari unaolisha prosesa na kadi. Ile kadi kuukuu peke yake inakula wati 116, ukiongeza prosesa ya wati 65 na feni na diski, basi hata kama karatasi ile ingekuwa inasema kweli, nilikuwa ninaendesha ukingoni kila usiku. Kadi ya 1050 Ti ya kweli huhitaji kama wati 75 tu, na nyingi hazihitaji hata waya wa ziada wa umeme, ilhali hii yangu ilikuwa na tundu la waya wa pini sita, nami nikauchomeka bila kujiuliza.

Prosesa, ramu na SSD ni nzima na ni za kweli. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa linaonesha kwamba hakukosea. Anajua kipi mnunuzi atakihakiki na kipi hataweza kukihakiki mpaka avuke bahari, na anachagua watu wa Pemba kwa makusudi, kwa sababu nauli ya kurudi kugombana naye itamla mtu kiasi kilichobaki. Nimeambiwa na jamaa wa Mkoani kwamba kijana huyohuyo alimuuzia kadi ya namna hiyohiyo, boksi lenye askari wa chuma, na maneno yaleyale ya VGA na skrini ya zamani.

Mtu huyu hastahili kuonywa na kuachiwa. Anastahili kufikishwa mahkamani, duka lifungwe, boksi zote zilizo rafuni mwake zifunguliwe mbele ya mtaalamu, na kila aliyemdhulumu arejeshewe pesa yake kamili, si nusu, na si kwa kubadilishiwa kitu chengine kibovu. Nimetoa maelezo yangu polisi, sheha wangu ana nakala, na malalamiko mengine nimeyaandikia Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Kadi, pawa saplai, boksi, flashi yake na karatasi yangu yenye duara la kalamu yake kwenye neno ramu nimevitunza vyote kwenye mfuko mmoja, na sitamruhusu fundi yeyote avifungue mpaka shauri limalizike.

Nasikia amebadilisha namba ya simu na anatangaza kadi kwa shilingi 280,000. Ikiwa umeshanunua kwake na kadi yako ina jina la 1050 Ti na tundu la buluu, usiitupe na usimpigie kumwambia kwamba umegundua. Ifungulie GPU-Z, ipige picha pamoja na boksi lake, kisha uniandikie. Jumatatu ijayo napanda boti ya asubuhi kwenda Unguja, na ningependa tuingie kituoni zaidi ya mtu mmoja.