Kijitabu cha Katiba: nakala mbili nilizonunua Dodoma mjini

Nimenunua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya kutoa kopi, imebanwa kwa pini mbili, shilingi 3,000, mezani kwa mchuuzi karibu na stendi ya daladala ya Sabasaba. Aliyeitoa kopi hakuandika jina lake popote. Nikafika nayo nyumbani Nkuhungu, nikavaa miwani, nikaitafuta ibara ya 46A, ile ya Bunge kumshtaki Rais. Ibara ya 46 ipo, inaeleza kinga ya Rais dhidi ya mashtaka, lakini ukifunua karatasi uko ibara ya 47, Makamu wa Rais. Kurasa za katikati hazipo. Na ni hizo nilizozifuata.

Ya pili nilinunua dukani, shilingi 7,000. Imeshonwa, jalada lina nembo ya taifa, karatasi nyeupe isiyopitisha maandishi ya upande wa pili. Hii ndiyo ninayoipa nyota nne, na kwanza niseme ilinihusu nini mwanamke muuza karanga na ubuyu kama mimi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana fedha, akina mama 28. Mwaka huu mwenyekiti wetu alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia, maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Miezi karibu minne kikundi kikakaa hakijui kifanye nini. Funguo moja ya sanduku iko kwake, mikopo inasubiri saini yake, na mtoto wake wa kike ndiye aliyekuwa akitupokea mlangoni akisema, "Mama leo kaamka vizuri, subirini kidogo." Tunasubiri, tunarudi. Jumamosi moja mwenzetu akasimama kikaoni: "Katiba yetu iko wazi. Asiyehudhuria vikao vitatu anafukuzwa. Dada katibu, andika." Kalamu nilikuwa nayo mkononi, sikuandika. Yule mama ndiye aliyetukusanya miaka tisa iliyopita chini ya mwarobaini wa kwake, hisa ikiwa shilingi 500. Leo tumfukuze kwa maneno yale yale tuliyomfukuzia aliyekimbia na fedha za mfuko wa jamii?

Katiba ya kikundi tuliiandika wenyewe, na kuhusu kiongozi ina sentensi moja tu: anaweza kuondolewa kwa makosa. Ugonjwa haumo. Nikajiuliza nchi inafanyaje. Ndipo nikaenda Sabasaba.

Jibu liko ibara ya 37, ibara ndogo ya (2), na nimeisoma hadi naweza kuisema nimefumba macho. Baraza la Mawaziri likiona Rais hamudu kazi zake kwa sababu ya maradhi ya mwili au ya akili, linapeleka azimio kwa Jaji Mkuu. Jaji Mkuu anateua bodi ya utabibu ya mabingwa wasiopungua watatu. Wakishamchunguza Rais na kumshauri Jaji Mkuu, yeye anaweza kumpelekea Spika hati ya kuthibitisha kwamba Rais hamudu kazi. Kisha zinahesabiwa siku saba. Kama ndani ya siku hizo Rais amepata nafuu na kurejea kazini, Jaji Mkuu anabatilisha tamko lake. Zikipita bila hivyo, kiti ki wazi.

Maneno hayo, kiti ki wazi, yalinikaa rohoni. Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna aliyekosa. Mtu ameugua, kazi ya watu lazima iendelee, na kiti kinahesabiwa kuwa wazi kama ambavyo kingehesabiwa kwa aliyejiuzulu mwenyewe. Mbele kidogo, ibara ndogo ya (5), ndiyo ile tuliyoisikia redioni Machi 2021. Rais Magufuli alifariki tarehe 17, na tarehe 19 Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa amalizie muda uliobaki. Tarehe 30 Bunge hapa Dodoma likamthibitisha Philip Mpango kuwa Makamu wa Rais. Nchi ilikuwa na msiba, lakini hakuna aliyeuliza nani anashika funguo.

Kwa makosa kuna njia nyingine kabisa, ndiyo hiyo 46A, na hapo kijitabu kinataka utulivu, maana ibara ni ndefu na herufi ni ndogo. Nilichukua kalkuleta ya simu. Tuseme Bunge lina wabunge 390. Taarifa ya kutaka kumshtaki Rais lazima isainiwe na asilimia 20 ya wabunge wote, yaani 78, na ifike kwa Spika siku 30 kabla ya kikao. Makosa yenyewe yametajwa: kuvunja Katiba au sheria ya maadili ya viongozi wa umma, kukiuka maadili yanayohusu uandikishwaji wa vyama vya siasa, au mwenendo unaodhalilisha kiti cha Rais. Bunge linapiga kura bila majadiliano juu ya kuunda kamati maalumu ya uchunguzi, na zinatakiwa theluthi mbili, 260. Mwenyekiti wa kamati ni Jaji Mkuu, yumo Jaji Mkuu wa Zanzibar, na wajumbe saba anaowateua Spika kwa kuangalia uwiano wa vyama. Kamati ikishaundwa, Rais anahesabiwa hayupo kazini. Inaanza kazi ndani ya siku saba, inampa nafasi ya kujieleza, na haipewi zaidi ya siku 90 kuleta taarifa. Halafu Bunge linajadili, anasikilizwa tena, na kura ni theluthi mbili kwa mara nyingine. Mashtaka yakithibitika anatakiwa ajiuzulu kabla siku ya tatu haijaisha, na pensheni anaikosa.

Hapo kwenye pensheni niliweka kijitabu chini. Mgonjwa anatoka na heshima yake, mkosaji anatoka bila stahili zake. Sisi tulikuwa tunataka kumtoa mgonjwa kwa mlango wa mkosaji. Miaka yote tisa tulikuwa na mlango mmoja tu na hatukujua.

Pembezoni mwa kila ibara kuna maandishi madogo yanayotaja sheria iliyoibadilisha na mwaka wake. Msiyaruke. Ndiyo yaliyonionyesha kwamba 46A iliingia 1992, mwaka ule ule vyama vingi viliporudi. Kabla ya hapo, mwaka 1984, Aboud Jumbe alipouacha urais wa Zanzibar, mambo yalimalizikia humu humu Dodoma katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM, chama pekee wakati huo. Nilikuwa binti mdogo, nakumbuka wazee wakinong'ona habari za "hali ya hewa kuchafuka", na sisi watoto tukitazama mawingu.

Sasa nyota niliyoikata. Sehemu yake ni ya uchapaji: hakuna faharasa mwishoni. Ukitaka neno "maradhi" au "kujiuzulu" unapekua sura kwa sura, na yaliyomo ya mbele yanakupa vichwa vya ibara tu. Kura ya kutokuwa na imani kwa Waziri Mkuu niliipata kwa kubahatisha, ibara ya 53A. Yeye anatoka kwa wingi wa kura za wabunge wote, si theluthi mbili, na taarifa ni siku 14. Njia hii nayo ina historia. Aprili 2012 wabunge walikusanya saini dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, hoja haikufika kwenye kura, lakini Mei Baraza la Mawaziri likapanguliwa. Waziri Mkuu wa kabla yake, Edward Lowassa, hakungoja hata saini. Februari 2008 alitangaza kujiuzulu ndani ya Bunge baada ya taarifa ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond.

Sehemu nyingine ni ya maandishi yenyewe, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ni kitabu cha nyumba yetu sote. Njia ya ugonjwa inafunguliwa na Baraza la Mawaziri peke yake. Mawaziri wameteuliwa na mgonjwa mwenyewe. Nani kati yao atakuwa wa kwanza kusema? Katika kikundi chetu hata mimi katibu, niliyechaguliwa na wanachama, ilinichukua miezi minne kufungua mdomo. Na kwenye njia ya makosa, mbunge akipoteza uanachama wa chama chake anapoteza na ubunge, kwa hiyo kila saini kati ya zile 78 ina mtu anayefikiria kiti chake. Sisemi watu wote ni waoga. Nasema mlango umewekwa, lakini funguo zimekaa kwa watu wenye sababu nyingi za kutozitumia.

Mpangaji wangu anasoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilipomwonyesha hilo akafungua Katiba ya Kenya kwenye simu, tukasoma jioni nzima, ugali wa uwele ukapoa. Wenzetu, ibara ya 144, wanaanza na wabunge: robo yao wakiunga mkono, hoja inaletwa. Jopo ni la watu watano. Madaktari watatu, wakili mmoja, na mmoja anayeteuliwa na Rais mwenyewe, au na mtu wa familia yake kama yeye hawezi. Nilimwambia arudie hapo. Mgonjwa ana mtu wake mezani! Marekani pia wana utaratibu wa namna hiyo tangu 1967, katika marekebisho ya 25, ila unaanza na Makamu wa Rais pamoja na wengi wa mawaziri, na mpaka leo haujawahi kutumika kumwondoa Rais.

Kwa hiyo tumeandika ibara mbili mpya za kikundi. Ya ugonjwa inaweza kuanzishwa na wanachama saba, si viongozi. Anaulizwa tabibu wa zahanati, na familia inaleta mtu wake. Mgonjwa anapewa siku 30 za kupata nafuu, kwa sababu siku saba kwa kiharusi ni chache mno. Akitoka, hisa zake na gawio lake haviguswi. Ya makosa ina tuhuma za maandishi, kujieleza mara mbili, na theluthi mbili. Kwa akina mama 28 hiyo ni 19.

Tulipiga kura Jumamosi, wote tukakubali. Siku 30 zilipoisha, mtoto wa mwenyekiti alileta funguo imefungwa kwenye leso. Akasema, "Mama anawasalimu. Kasema mhesabu kwanza ndipo mshukuru." Tukahesabu. Haikupungua hata shilingi.

Anayetaka kununua aende dukani, aombe iliyoshonwa, na kabla hajalipa afungue 37, 46A na 53A aone zimo zote. Ile mbovu ya Sabasaba sikuitupa. 46A nimeinakili kwa mkono, karatasi tatu za daftari, nikazibandika kwa gundi kati ya 46 na 47. Inakaa ndani ya sanduku la kikundi, chini ya vitabu vya hisa.