Maembe ya Kibuye: tazama mabega kabla ya rangi

Msimu huu kila mnunuzi wa soko la Kibuye, Kisumu, analalamikia jambo moja: embe ni la manjano nje, ukilikata limepauka karibu na kokwa na linakereketa ulimi. Hilo lilichumwa changa likavumbikwa kwa kabaidi, kemikali ya kuivisha matunda haraka. Kabaidi huwahisha rangi ya ganda, lakini haiongezi utamu. Embe lililotoka mtini kabla ya kukomaa halina wanga wa kutosha wa kugeuka sukari, hata ulivumbike vipi.

Kwa hiyo geuza embe utazame kikonyo kinapoingilia. Lililokomaa lina mabega yaliyojaa na kuinuka, kikonyo kimezama kwenye kishimo. Changa mabega yake yameteremka, kikonyo kimechomoza. Wanunuzi hubonyeza tumbo na kusifu rangi, huku juu hawatazami kabisa! Pia nusa hapo hapo. Bivu la kweli hunukia.

Kwa aina za maembe, namba moja ni ngowe, na kwa hilo sibadiliki. Ni refu, ncha imepinda kidogo, nyama yake ni rangi ya chungwa, laini, haina nyuzi. Ukilipata lililokomaa mtini, mengine yote utayaona ya kujazia kikapu.

La pili ni apple, la mviringo, tamu, lenye majimaji mengi. Ila ule wekundu wa shavuni ni wa jua, hauthibitishi kuiva. Tommy ni la tatu: ganda lake gumu linastahimili lori, ndiyo maana wachuuzi wanalipenda, lakini ladha ni hafifu. Ya kienyeji yana nyuzi, yafanyie sharubati.

Kinachoniudhi ni fungu lililopambwa. Juu mazuri, chini mabichi yaliyogongwa, na ukinyoosha mkono kuchagua unaambiwa, "Mama, usinifinyie maembe." Najua lori limetoka Makueni na mafuta ni ghali. Lakini kwa bei ya embe bivu nisiuziwe changa. Asiyekuruhusu kugeuza, mwache, nenda meza ya pili. Jumapili Kibuye meza hazikosekani.

Nyumbani usilitie gumu kwenye friji, baridi huzuia kuiva. Lifunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu. Kabla ya kukata osha utomvu, kwani hubabua midomo, kisha shusha kisu kandokando ya ubapa wa kokwa, pande zote mbili.