Umeme wa kituo cha kisiwani: kipi kwanza, kipi mwisho

Kabla ya kuuliza bei, jiulize: kifaa kikifa, boti itakuja lini? Nimepanga orodha hii ya njia za kupata umeme kwa swali hilo.

Ya kwanza ni sola na betri za lithiamu, zile za fosfeti ya chuma. Paneli haina kinachozunguka, hivyo hakuna cha kusagika. Ya wati 400, jua kali la saa tano, hukupa kama yuniti moja na nusu baada ya kutoa kinachopotea njiani. Paneli nne zinabeba redio, taa na friji ndogo bila shida. Betri za asidi zitakushawishi kwa bei, lakini ukizishusha chini ya nusu kila siku hazidumu, na moja ya ampea 100 ina karibu kilo 30. Ishushe kwenye boti, maji kiunoni, ndipo utaelewa kwa nini ya lithiamu, isiyofika nusu ya uzito huo, ina thamani yake. Chaji kontrola, kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri, iwe ya MPPT, yaani ile inayojirekebisha ili kuvuna nguvu kubwa iwezekanavyo kutoka kwenye paneli.

Ya pili: hiyohiyo sola, ukaongeza kinu kidogo cha upepo. Kinafaa pale mawingu yanapokaa siku nyingi na upepo haulali. Ila upepo una hesabu kali: kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Wati zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni za upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde, ambao kwako huenda ni wa dhoruba! Mapanga yapite kwa mita 9 kila mti na paa lililo ndani ya mita 150. Nunua nguzo ya kulaza, maana kupanda na spana mkononi ni balaa. Hakikisha pia kuna mahali pa kumwagia umeme wa ziada wa kinu betri zikijaa.

Ya tatu, sola na jenereta: sawa kwa akiba, lakini unabaki mtumwa wa madumu ya dizeli. Upepo mtupu ndio wa mwisho. Sikushauri.

Kisiwa cha Eigg, Scotland, kimechanganya maji, upepo na jua tangu 2008, na bado kila nyumba imewekewa kikomo cha kilowati 5. Kwa hiyo orodhesha matumizi yako kwanza.

Chumvi nayo haina huruma. Dai paneli zilizopimwa kwa kiwango cha IEC 61701, kile cha kupima kama paneli inahimili ukungu wa chumvi; inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikae ndani; na ndoo ya maji yasiyo na chumvi iwe karibu: ndege wa baharini watazichafua paneli kabla hujamaliza kufunga boliti.