Meza ya kuhariri video: za kununua, za kujenga na za kuacha

Unapokwenda kutafuta meza, beba tepu ya kupimia na uanze na kina, yaani umbali kutoka ukingo unaokaa wewe hadi ukingo wa nyuma. Meza nyingi za kompyuta zina kina cha sm 60, na kazi ya kuhariri haitoshi hapo. Mikono inataka sm 15 za kupumzikia, kibodi inachukua 15 nyingine, paneli ya kurekebishia rangi inakula 20 au zaidi, na kitako cha monita kinahitaji 20 hadi 25. Tayari umepita sm 70. Kwenye meza fupi monita inakusogelea usoni, na shingo inageuka siku nzima kati ya klipu upande mmoja na taimulaini (mstari wa kupangia klipu) upande mwingine. Usikubali chini ya sm 75. Sm 80 ndiyo hasa.

Upana ni hesabu nyepesi. Monita ya inchi 27 ina upana wa takriban sm 61, ya inchi 32 takriban sm 71. Mbili za 27 pamoja na spika zinatosha kwenye sm 160. Mbili za 32 zinataka 180.

Kimo ndicho kinachosahaulika. Keti wima, nyayo zikiwa sakafuni, kunja mkono, kisha pima kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Watu wengi hupata kati ya sm 60 na 70, ilhali meza za dukani husimama sm 72 hadi 75. Tofauti hiyo ndiyo inayopandisha mabega juu na kuumiza shingo. Ukishanunua meza ya juu, dawa iliyobaki ni kuinua kiti na kuweka kibao cha kukanyagia.

Hizi hapa, kutoka tunayoipendekeza zaidi.

1. Fremu ya kupanda na kushuka kwa umeme, juu yake ubao wako mwenyewe

Inatatua suala la kimo moja kwa moja, na kina unakiamua wewe. Chagua fremu yenye mota mbili, moja kila mguu. Ya mota moja huzungusha mguu wa pili kupitia fito na huwa na nguvu ndogo. Angalia pia mguu umegawanyika vipande vingapi. Wenye vipande viwili mara nyingi haushuki chini ya sm 70, kwa hiyo mtu mfupi hafaidi. Wa vitatu hushuka hadi karibu na sm 60.

Unapojumlisha uzito, usisahau ubao wenyewe. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 25 yenye sm 180 kwa 80 ina karibu kilo 27 kabla hujaweka chochote. Kasoro ya meza hizi ni kuyumba zinapoinuliwa juu. Dukani, ipandishe hadi kimo chako cha kusimama, shika ukingo wa mbele, usukume na kuvuta. Ikitikisika ikiwa tupu, ikibeba monita mbili kwenye mikono ya monita (vyuma vya kujikunja vinavyobanwa kwenye ukingo wa meza) itazidi.

2. Meza ya kimo kimoja, ya kujenga

Kama huna haja ya kusimama, hii ndiyo imara kuliko zote. Plaiwudi moja ya mm 18, ya sm 244 kwa 122, inatosha.

Kata kwanza urefu wa sm 180. Kipande hicho kipasue kupata uso wa sm 80, na baki lipasue fito nne za sm 10. Kipande cha pembeni, chenye takriban sm 64 kwa 122, kitatoa fito nne za kukingama za sm 10 kwa 50. Chini ya uso, gandisha ufito mmoja mrefu mbele na miwili sambamba nyuma, kisha zile za kukingama: mbili kwenye ncha, mbili katikati. Ukingo wote sasa una mm 36, na nyuma una ukanda wa sm 20 wa kubana mikono ya monita.

Gundi ya mbao ndiyo inayofanya kazi hapa. Skrubu zinashikilia tu mpaka ikauke. Ubao ukiongezwa unene mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara nane, lakini kwa sharti kwamba tabaka mbili zimeungana kuwa kitu kimoja. Zikifungwa kwa skrubu peke yake huteleza moja juu ya nyingine na unapata mara mbili tu. Tumia skrubu za mm 4 kwa 30, kutoka chini, kila baada ya sm 15 hadi 20, na toboa tundu dogo kwanza. Skrubu ndefu ya mm 35 ikizama kidogo tu inatokeza juu ya meza.

Ufito mrefu wa nne usimamishe kwa ubavu, sm 20 kutoka nyuma, kwa gundi na vyuma vya pembe. Huo ndio boriti: unazuia ubao kulegea katikati, na nyaya zote hujificha nyuma yake.

Miguu iwe ya mirija ya chuma ya mm 40 kwa 40, ukuta wa mm 2, imechomelewa fremu mbili na kuunganishwa kwa mrija mlalo upande wa nyuma. Bila mrija huo meza itacheza kushoto na kulia hata kama bolti zimekazwa. Kata miguu ili uso wa meza ufike kwenye kiwiko chako au sm 2 chini yake. Usiweke droo katikati, inakula nafasi ya mapaja.

Paka vanishi juu na chini pia. Upande usiopakwa hunyonya unyevu peke yake, na ubao hujikunja.

3. Meza ya ofisi iliyotumika

Meza za zamani za chipbodi ya mm 25 na miguu ya chuma hudharauliwa bure. Mara nyingi zina kina cha sm 80, na zimeshathibitisha uimara wao. Kagua kingo: chipbodi iliyovimba ni iliyoingia maji, na haiponi.

4. Meza ya studio yenye ghorofa

Inafaa kwa anayefanya sauti zaidi ya picha. Kwa mhariri, rafu ya juu huinua monita kubwa kupita kiasi. Ukingo wa juu wa skrini unapaswa kuwa usawa wa macho au chini yake kidogo.

Za kuacha

Meza nyepesi zenye karatasi ndani iliyopangwa kama sega la nyuki. Gonga uso: ikilia kama debe tupu, ndiyo hiyo. Klempu, yaani kibano, ya mkono wa monita huuponda ubao, monita inaanza kuinama mbele, kisha inang'oka. Bamba la chuma la mm 3 juu na chini ya klempu huchelewesha tu. Kioo nacho kiache: huakisi skrini, na klempu inaweza kukipasua.

Baada ya kuipata

Mkono wa monita ukikunjwa, kiwiko chake hutokeza nyuma. Acha sm 10 hadi 15 kati ya meza na ukuta, la sivyo monita itabaki imesogea mbele na kile kina ulichokipigania kitapotea.

Uso wa meza uwe wa kijivu au rangi tulivu isiyong'aa. Meza nyekundu inarudisha wekundu kwenye macho yako na kwenye skrini, na utarekebisha rangi ya ngozi kwa makosa bila kujua. Taa ya nyuma ya monita iwe ya kelvini 6500, yenye mwanga hafifu.

Kompyuta isifungiwe ndani ya kabati. Iachie sm 10 nyuma na uiinue kidogo kutoka kwenye vumbi la sakafu. Diski za nje za Thunderbolt 3 (aina ya muunganisho wa data wa kasi) zikae karibu nayo, kwani waya wa kawaida hubeba kasi kamili ya gigabiti 40 kwa sekunde ukiwa mfupi, takriban nusu mita. Pima nafasi hiyo kabla ya kutoboa matundu. Tundu la mm 60 hupitisha plagi nyingi. La mm 35 hukwamisha plagi kubwa za umeme. Ekstensheni ifungwe chini ya ubao, na kwa meza inayopanda, nyaya ziachwe na ulegevu wa kufikia kimo cha juu kabisa.

Wiki mbili baadaye, kaza bolti zote tena.