Fundi wa duka kanipa ushauri niongeze ugali, halafu kaniachia mashine ya kuua mtu

Hasira hazijaniisha kwa hiyo mnivumilie. Duka silitaji, liko Dar, wakisoma watajijua. Mimi natunza kiwanja cha nyumba ya wageni huku Tanga, Raskazone, karibu kabisa na bahari, ukoka mwingi na minazi kila kona, na mashine ninayotumia ni ile ya kukalia, kile kitrekta kidogo cha kukatia nyasi. Nguvu ya injini na bei katafuteni wenyewe, mimi nina ishu ya siti tu.

Kwa msiozijua, chini ya siti ya hizi mashine kuna swichi. Ukikaa inabonyea, mashine inajua ina mtu. Ukiinuka huku bledi zinazunguka, injini inazima hapo hapo. Kuwasha pia haikubali mpaka ukanyage breki na bledi uwe umezizima. Sawa, wazo zuri, sibishi. Lakini kiwanja chetu kina mawe ya matumbawe yamejificha kwenye nyasi, ukipita juu yake unarushwa, makalio yanaachana na siti kidogo tu, pap, kimya. Unaanza upya, breki, ufunguo, bledi, unasogea hatua mbili, pap. Na mimi mwili wenyewe ndo huu mnaouona kwenye picha, sina uzito wowote. Ilifika mahali inazima hata kwenye tambarare nimetulia kama niko msikitini. Wageni wananiangalia kutoka kibarazani wanadhani sijui kuendesha.

Nikapiga simu dukani, waranti bado ipo. Wakasema fundi wao ana safari ya Tanga atapitia. Akaja. Salamu hamna, kuuliza inazima wakati gani hamna, kainua siti kaangalia, kisha ananiambia mbele ya mlinzi, "Dada, mashine nzima hii, wewe ndo mwepesi, ongeza ugali." Mlinzi akacheka mpaka akashika geti. Nikameza. Akachokonoa chokonoa chini ya siti, akazunguka ubavuni nako akagusagusa, tayari, nipe ya soda. Nikampa! Na kweli mashine ikatembea upande wote wa baharini bila kuzima hata kidogo, nikamsifia kwa bosi, nikasema jamaa mdomo mchafu ila mikono ipo.

Basi nakata zangu, mbele yangu kuti limeanguka. Kawaida yangu nikikuta kuti au kumbi nasimama, nainuka, mashine inajizima yenyewe, natoa, narudi. Nikasimama nikashuka. Haikuzima. Nimeshafika mbele nimeinama nashika kuti ndo akili inaniambia mbona kelele bado, nageuka bledi zinaunguruma, siti tupu, injini inanguruma haina habari na mtu. Nilitoka jasho la baridi jamani. Watoto wa jirani huwa wanaingia hapo kufuata mpira, hawabishi hodi.

Nikainua siti mwenyewe. Kachomoa soketi ya swichi, kachukua kipande cha waya kaunganisha matundu mawili, kaunga dairekti, kazungushia selotepu. Yaani mashine sasa inaamini kuna mtu amekaa saa zote, hata ikiwa stoo. Nikaanza kukagua na kwingine, nikakuta kile kibao cha ubavuni pale nyasi zinapotokea, kile kinachozuia mawe yasiruke, kakikunja juu kakifunga kwa waya wa kusukia nondo. Kwenye kiwanja cha matumbawe! Jiwe likitoka pale linakwenda kama la manati, na upande huo ndo wageni wanaanika taulo.

Nikampigia. Mnajua alinijibuje? "Si ulitaka isizime?" Nilitaka isizime nikiwa nimekaa wewe! Ananiambia hao wazungu waliotengeneza wanaogopa kushtakiwa tu, sisi huku tunafanya kazi. Hivi Marekani tangu 1982 hata ile mashine ya injini ya kusukuma huku unatembea inatakiwa ukiachia mpini bledi isimame ndani ya sekunde 3, ina maana vidole vya wazungu ndo vinakatika, vyetu vinaota upya?

Nikaenda Ngamiani kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari, nikampa shikamoo nikamweleza. Akasema mwanangu lete tuone. Kang'oa ule waya akautupa, akaniangalizia pini za soketi, zimeota kutu ya kijani, chumvi ya bahari. Kasafisha kwa msasa, kapaka grisi, na springi ya chini ya siti kailegeza kidogo iendane na uzito wangu. Hakunitajia ugali wala nini. Elfu ishirini. Sasa nikirushwa na jiwe dogo inavumilia, nikishuka inazima. Kumbe dawa ilikuwa msasa muda wote huo!

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kusema msinunue hizi mashine zina visirani, sasa sijui. Mashine nairudishia heshima yake, duka sifuri, na kama unayo na alishawahi kuishika fundi, inua siti uangalie leo leo. Kwenye mteremko panda na kushuka nayo, usikate kwa kupita ubavu, hiyo hakuna swichi ya kukuokoa ikibiringika.

Ila ile ya rivasi bado inaniudhi, siwezi kudanganya. Ukirudi nyuma bledi zikiwa zinazunguka inazima, mpaka kwanza uzungushe ufunguo kwenye alama nyingine ndo ikuruhusu. Najua sababu, mtoto akiwa nyuma humuoni. Najua. Lakini jana nageuza kati ya minazi miwili imenizimia tena pale pale, nikaitukana mpaka mlinzi akaja kuuliza kama fundi amerudi.