TAHADHARI: "Filta ya nano" ya ndoo inayouzwa Mwanga na Ujiji ni mkaa mtupu

Wana Kigoma mwisho wa reli, kuna jamaa anazunguka Mwanga, Gungu hadi Ujiji akiuza ndoo mbili zilizopandishana, ya chini ina koki, kwa shilingi 85,000. Anaiita filta ya nano. Mimi nimeliwa, na aibu zaidi ni kwamba nafundisha fizikia.

Kilichoniponza ni maonyesho yake. Alimimina maji yenye rangi ya juisi, yakatoka maangavu, watu wakashangilia, nami nikatoa pesa. Rangi ile inanaswa na mkaa tu. Nikampelekea mama Ujiji. Wiki ya pili akapiga simu: "Mwanangu, mbona sabuni inayakataa maji yako kama zamani?"

Mama hajasoma kemia, ila kipimo chake ndicho chenyewe. Maji ya Tanganyika yana magnesiamu nyingi, ndiyo inayokataza povu. Utando wa nano wa kweli, yaani ngozi nyembamba ya kuchujia, una vijitundu vya takriban nanomita 1, yaani milimita moja ukiigawa mara milioni. Molekuli ya maji, yenye kama nanomita 0.3, inapenya. Magnesiamu ina chaji mbili za umeme na imejifunika joho zito la molekuli za maji. Kupita inabidi ilivue, na kulivua ni kazi kubwa. Juu ya hapo utando wenyewe una chaji, unasukumana na ioni, yaani chembe zenye chaji kama hiyo magnesiamu. Kwa hiyo nyingi inabaki nyuma. Sodiamu, ile ya kwenye chumvi, ina chaji moja na joho jepesi, sehemu kubwa hupita, ndiyo maana jamaa akikuonjesha chumvi hajathibitisha lolote. Wewe dai uone povu la sabuni.

Halafu presha! Tundu dogo hivyo halipitishi maji kwa kudondosha. Mitambo hii husukumwa na pampu, kwa kawaida bar 5 (bar ni kipimo cha presha) na kuendelea. Kupata presha hiyo kwa uzito wa maji peke yake ungehitaji tanki lililoinuliwa mita 50. Ndoo yake ina sentimita 30. Hapo ndipo ningeshtuka pale pale sokoni, lakini macho yalikuwa kwenye juisi.

Pia haina bomba la maji ya kumwaga. Kinachozuiliwa lazima kitoke mahali, la sivyo utando unaziba. Na eti uisafishe kwa klorini kila wiki! Tando nyingi za aina hii ni za poliamaidi, aina ya plastiki, na klorini huzila.

Nimeipasua: sifongo, pamba, mkaa, kokoto. Vijidudu havizuiliwi kwa uhakika na vitu hivyo, kwa hiyo mliokwisha nunua endeleeni kuchemsha maji ya kunywa.

Namba yake haipatikani tangu Jumatatu. Nasikia ameelekea Kasulu. Mlio huko, akifika mwulizeni pampu iko wapi, na mje na kipande cha sabuni.