Mtumba wa soko la Mwanga na fundi wa kupunguza, koti langu la buku tano

Nakaa mapokezi ofisini hapa Kigoma mwaka wa tatu sasa, mshahara wangu sio wa kuingia dukani kununua suti, ila kila siku lazima niwe nimenyooka maana mgeni akiingia anaanza kuniona mimi. Nguo zangu karibu zote natoa mtumba sokoni Mwanga afu zinapitia kwa fundi. Hao ndo nawasifia leo.

Jumamosi nilikuta wamefungua belo la makoti, mama muuzaji kanitajia elfu nane, tukavutana weee mpaka tano. Bluu iliyokoza, bitana nzima, vifungo vyote vipo, tatizo limenipwaya utadhani nimeazima kwa baba. Nikalichukua kwa sababu moja tu, mabega yalikaa. Hapo ndo wengi tunapoliwa hela jamani, kiuno fundi atabana, mikono atapandisha, pindo atakata, lakini bega likishuka achana nalo, kulirekebisha ni kufumua nusu koti na kwa hela hiyo unapata lingine.

Fundi akanivalisha koti ndani nje, akabana kwa pini huku na huku, mi najua tumemaliza, akaniambia "dada hebu kaa, nyoosha mkono kama unapokea faili". Nikakaa, mgongoni likakaza, akachomoa pini mbili akalegeza ndo akachora chaki. Sijawahi kukutana na fundi anayekuuliza unafanya kazi umekaa au umesimama! Kazi nzima buku nne, na ndani kaacha kitambaa cha akiba ili nikinenepa afumue. Msimbazi, yaani elfu kumi, haujaisha na nina koti ambalo bosi kaniuliza nimeagiza wapi.

Nasema hivi kwa uchungu, kuna fundi mwingine mwaka jana alinipunguzia sketi akakata akiba yote, nimekaa tu kwenye kiti mshono ukaachia, nikashinda na khanga kiunoni mbele za wageni mpaka jioni. Ilikuwa sketi yangu nzuri kuliko zote, mpaka leo inaniuma.

Huyu wa sasa anageuza hata kola, shati likichakaa shingoni anaifumua, upande uliolika anaulaza chini, buku jero tu na shati linarudi kazini.

Mabaya yapo. Sokoni hakuna pa kujaribia, unavalia juu ya nguo zako, so nendeni na tisheti ya kubana. Mabandani giza, toa nguo nje juani uangalie kwapa na kola, yale manjano ya jasho yakishakaa kwenye shati jeupe utaloweka weee na hayatoki. Nguo za ndani msiguse kabisa, TBS, wale wa shirika la viwango, walishapiga marufuku mitumba ya hivyo kitambo. Afu fundi akisema Jumatano wewe hesabu Ijumaa, na sikukuu ikikaribia usimpelekee kitu unachokitaka haraka.

Mi nampa nne kwa tano, hiyo moja nimekata kwa ajili ya siku zake. Sasa hivi ana kadeti yangu ya kijivu, kasema Jumatano.